Kinyozi Afundishwa Kunyamaza

Kinyozi hakuomba kuingia kwenye yale mafunzo. Jina lake liliandikwa na mkewe, naye alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza aliisema hadharani: mchungaji ametangaza kwamba waumini kumi na wawili watafundishwa kuwatembelea wagonjwa, wafiwa na wenye mizigo moyoni, maana yeye peke yake hawezi kuzimaliza nyumba zote. Ya pili aliibana kifuani: mafunzo yalikuwa kila Jumamosi alasiri, saa ambazo kinyozi huwa nyumbani, anaongea.

"Utafaa," mkewe alimwambia. "Watu wanakupenda."

"Wananipendea nini?"

"Hilo hata mimi sijalijua. Lakini wanakupenda."

Na kweli walimpenda. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi ambalo nusu ya waliolikalia hawakuja kunyolewa. Walikuja kusikiliza. Habari za mtaa mzima zilipita pale, na zile zilizochelewa kinyozi alizitengeneza mwenyewe ili watu wasikae bure. Mteja akisema mgongo unamsumbua, kabla kitambaa hakijafungwa shingoni ameshasikia habari za migongo mitano: wa mjomba wa kinyozi, wa askari mmoja, wa mwanamke aliyebeba kabati peke yake, na mingine miwili ambayo wenyewe wameshakufa. Kisha dawa saba. Mtu alitoka pale kichwa chepesi na masikio mazito.

Mafunzo yalifanyika katika chumba cha nyuma ya kanisa, kile chenye viti vya plastiki na ngoma za kwaya zilizopangwa ukutani. Mwalimu alikuwa nesi mstaafu aliyeongoza wodi kwa miaka thelathini, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kufukuza wageni muda wa kutazama wagonjwa unapokwisha. Kanisa zima lilimwita Mama Wodi. Siku ya kwanza aliandika mistari mitatu ubaoni kwa herufi kubwa.

Usishauri. Usisimulie ya kwako. Usikimbilie sala.

Mwalimu mmoja wa hesabu, naye mstaafu, mtu wa daftari na rula, aliinua mkono. "Mama, hilo la tatu sijalielewa. Sala nayo imekuwa kosa? Humu kanisani?"

"Sala si kosa, baba. Kosa ni kuifanya mlango wa kutokea. Mgonjwa anaanza kulia. Wewe machozi yanakutia hofu. Unasema 'tuombe', unafumba macho, ukifumbua umeshashika kitasa. Nimewaona miaka thelathini. Nimewaona hata wachungaji."

Mchungaji, aliyekuwa amekaa nyuma, akapata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake.

Njia ya Mama Wodi ilikuwa zoezi la viti viwili. Viti viliwekwa katikati ya chumba vikitazamana. Kimoja cha mgonjwa, kimoja cha mgeni. Anayekaa kwenye kiti cha mgonjwa huchota kadi moja kwenye kikapu, kadi ambayo Mama Wodi ameandika shida fulani kwa penseli. Aisome kimya, asimwonyeshe mtu, kisha aiigize shida hiyo kana kwamba ni yake. Mgeni kazi yake kusikiliza. Wengine wanatazama, mwisho wanasema walichokiona.

Jumamosi ya kwanza kinyozi alikuwa mgeni wa mwalimu wa hesabu, aliyechota kadi ya mtu aliyefiwa na ndugu. Mwalimu alisema, "Ndugu yangu ametutoka," na hapo ndipo alipoishia. Kinyozi alimsimulia misiba mitatu. Wa tatu ulikuwa wa babu yake, akafika mahali pa kaburi, sauti ikamkwama, machozi yakamlengalenga, na mwalimu wa hesabu akajikuta anampigapiga begani na kumwambia pole sana.

Mama Wodi alisubiri kicheko kiishe. "Nani hapa alikuwa mfiwa?"

Jumamosi ya pili hali ilikuwa ileile, isipokuwa safari hii alitoa dawa. Jumamosi ya tatu Mama Wodi alifungua mkoba wake, akatoa peremende moja kubwa, ngumu, ya aina ile inayofukuza kikohozi. "Weka mdomoni. Ikiwa humo, husemi. Na usiitafune. Nitasikia."

Basi kuanzia siku hiyo kinyozi alihudhuria darasa shavu moja likiwa limevimba kama mtu anayeumwa jino, na wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua. "Kinyozi, leo una maoni gani?" "Kinyozi, tuambie habari za mjomba wako." Naye anatoa macho tu.

Aliyemchokoza kuliko wote alikuwa mshonaji. Huyu alikuwa na chumba chake cha kushonea milango minne kutoka kwa kinyozi, na kanzu zote za kwaya zilipita kwenye cherehani yake. Yeye na mke wa kinyozi walikuwa chanda na pete tangu wakiwa wasichana, hivyo kinyozi alikuwa shemeji yake, na utani wao haukuwa na mipaka. Kanisani alijulikana kwa kuigiza watu. Angeweza kumwigiza mchungaji, pamoja na kile kikohozi anachokohoa kabla ya kutaja sadaka, mpaka mchungaji mwenyewe akacheka akiwa amejifunika uso. Kwa hiyo Jumamosi ya nne, alipoitwa kwenye kiti cha mgonjwa, na kinyozi mwenye peremende akaitwa kwenye kiti cha mgeni, darasa zima lilijisogeza mbele. Walijua leo kuna burudani.

Mshonaji alichota kadi. Akaiweka karibu na pua, akaipeleka mbali mpaka mkono ukanyooka, akairudisha. "Mama Wodi, mwandiko huu umeuiba kwa daktari," akasema, watu wakacheka. Akaiweka kadi mapajani. Halafu akaanza.

"Tundu la sindano limenikimbia," alisema. "Mwezi wa tano huu. Mwanzoni nilidhani ni taa, nikabadili taa. Nikadhani ni uzi, nikabadili uzi. Nikasogeza cherehani mlangoni kwenye mwanga, watu wakaniuliza vipi, nikasema napenda upepo. Mteja akiingia namjua kwa sauti. Asiposema kitu namwambia 'habari za siku nyingi', kumbe alikuja asubuhi."

Watu walicheka. Mtu mmoja alijipiga paja.

"Jicho la kushoto ni kama kioo alichopumulia mtu. La kulia linaanza kumfuata mwenzake. Pindo nalishona kwa kupapasa. Kila asubuhi najiambia, nenda kwa daktari wa macho, mwanamke wewe. Siendi. Maana nisipokwenda, bado ni mshonaji. Nikienda akaniambia neno, nitarudi nyumbani nikiwa nani?"

Kinyozi hakusema. Tusimpe sifa asiyostahili: peremende ilikuwa bado kubwa. Lakini mdomo ukiwa na kazi nyingine, macho hupata nafasi, na macho ya kinyozi yalishuka kwenye mikono ya mgonjwa wake. Kidole gumba cha mshonaji kilikuwa kinatembea kwenye ukingo wa ile kadi, polepole, kikienda na kurudi, kama mtu anayelitafuta pindo.

Kisha mtu akapiga makofi. Wakapiga wote.

"Ishirini juu ya ishirini!" mwalimu wa hesabu alisema akiwa amesimama.

Mama Wodi alipangusa miwani yake. "Mmeona? Hivyo ndivyo mtu anavyofungua moyo, vipande vipande, huku anawatania. Na wewe kinyozi, leo umemwacha mgonjwa amalize. Hongera kwa peremende."

Mshonaji akainuka, akainama kama mwigizaji, akakohoa kile kikohozi cha mchungaji, wakavunjika mbavu, akaenda kuchukua chai. Kadi ilikuwa imeanguka sakafuni. Kinyozi aliiokota airudishe kikapuni, na kwa vile hakuwahi kupita karibu na habari bila kuitazama, aliisoma.

"Umevunjika mguu. Wiki ya tatu hospitalini. Una hasira kwa sababu mwanao hajaja kukuona."

Akaisoma tena. Mguu. Hospitali. Mtoto asiyekuja. Humo ndani hapakuwa na jicho wala sindano. Akamtazama mshonaji pale kwenye meza ya chai, akimimina kwa kidole kilichoingizwa ndani ya ukingo wa kikombe ili ajue kimejaa wapi. Hakuiigiza ile kadi kwa sababu hakuweza kuisoma. Alikuwa na haya ya kusema hivyo mbele ya watu kumi na mmoja, basi akasema shida iliyokuwa karibu zaidi.

Kinyozi akaimeza peremende nzima.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alikwenda kwa mshonaji. Njiani alijiapia: nitakaa, nitasikiliza, basi. Mshonaji alikuwa mlangoni na cherehani yake, anakanyaga.

"Shemeji, ile kadi yako nimeisoma."

"Kadi gani?"

"Ya mguu."

Miguu yake ikasimama kwenye kanyagio. "Mguu? Ilikuwa mguu?" Akaanza kucheka, na katikati kicheko kikamwishia. "Unajua, shemeji, nimesema uongo mwingi pale kanisani. Umri gani, kilo ngapi, zaka. Mara moja nasema kweli tupu, wakanipigia makofi."

Hapo kinyozi alitakiwa anyamaze. Lakini huruma ilimpanda, na huruma yake haikujua njia nyingine ya kutokea isipokuwa mdomoni. Akamwambia kuhusu karoti. Akamwambia kuhusu mjomba wake, yule wa mgongo, kumbe alikuwa na jicho pia, aliyeamka siku moja akaona mpaka mlima wa pili. Akamwambia yuko daktari mmoja anamjua, au anamjua mtu anayemjua, aende leo, aende sasa hivi, kwa nini amengoja. Kisha akaona midomo ya mshonaji inatetemeka, akaogopa, akasema, "Shemeji, tuombe," akafumba macho.

Alipofumbua, mshonaji alikuwa amesimama, ameushika mlango wazi.

"Mistari mitatu ya ubaoni, umeimaliza kwa dakika tano. Toka."

"Shemeji..."

"Na usikie. Ukimwambia mtu, hata huyo mkeo, hasa huyo mkeo, nakushona mdomo. Tena kwa kupapasa, shemeji. Utakaa umepinda maisha yako yote."

Siku hiyo kinyozi alinyoa vichwa tisa bila habari. Benchi lilianza kuingiwa na wasiwasi. Mmoja akauliza kama kuna msiba. Mwingine alidhani wamekosana na polisi. Saa kumi benchi lilikuwa tupu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kibanda kijengwe. Nyumbani mkewe alimwekea chakula, akamtazama anavyokula, akampima joto kwa mgongo wa mkono.

"Unaumwa."

"Siumwi."

"Tangu uingie umesema neno moja. Unaumwa." Akamletea vidonge viwili na maji. Kinyozi akavimeza, maana kukataa kungehitaji maelezo.

Kesho yake alirudi kwa mshonaji. Safari hii alikaa kwenye kibao cha wateja, mikono mapajani, kama mtoto aliyekosa.

"Umeleta karoti?" mshonaji aliuliza bila kuinua kichwa.

Kinyozi akatikisa kichwa.

"Hicho kichwa unachokitikisa mimi nakiona kama chungu kinachochemka. Sema."

"Hapana."

"Haya. Kaa."

Akakaa. Mezani palikuwa na kimto kidogo cha kuchomekea sindano, na sindano zote zilikuwa tupu. Kinyozi akavuta moja, akakata uzi, akaulowesha kwa ulimi, akautunga. Akachukua ya pili. Akatunga nyeupe nne, nyeusi nne, za buluu tatu, akazipanga kwenye kimto kwa safu ili mkono uzipate bila jicho. Kisha akainuka, akatunga na ile ya cherehani yenyewe, akaaga, akaenda kufungua kibanda chake. Jumla alikuwa amesema maneno manne, na mawili yalikuwa salamu.

Ikawa desturi. Kila asubuhi sindano kumi na moja na ya cherehani kumi na mbili. Siku ya tatu mshonaji ndiye aliyeanza kusema. Alianza na mambo madogo, kwamba amemkatia mtu mikono miwili yote ya kushoto akadai ndiyo mtindo mpya. Siku ya tano alimtaja mama yake. Mama yake naye alikwenda hivihivi, jicho moja halafu la pili. Mwisho alikaa mlangoni miaka sita, na kila viatu vikipita anauliza, "Nani huyo?" Wapita njia wengine hawakujibu.

"Mimi nilikuwa mmoja wao," mshonaji alisema. "Nilikuwa msichana, nina haraka. Nilipita nikijua ni mimi ninayeulizwa, nikapita."

Kinyozi alikuwa na hadithi tatu za kumpoza. Alizihisi zinapanda, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaosukumana mlangoni. Akaulowesha uzi.

Mtaa nao haukulala. Hazikupita wiki mbili, mkewe akapata taarifa.

"Naambiwa kila asubuhi uko kwa rafiki yangu."

"Nashonewa suruali."

"Suruali gani inashonwa siku kumi?"

"Ina mifuko mingi."

Mkewe alimtazama kwa jicho la pembe kwa muda mrefu sana. Kumwuliza rafiki yake hakutaka, maana angeonekana mwenye wivu, na kwa mume kama huyu wivu ungekuwa kichekesho. Lakini usingizi ulimpungua. Na kinyozi, aliyeweza kumtuliza kwa sentensi moja, alikaa na sentensi hiyo kooni kama mfupa wa samaki.

Jumamosi ya sita ilikuwa ya ripoti. Hilo halikuwa wazo la Mama Wodi bali la mchungaji, aliyetaka kujua nani ametembelewa, ana shida gani, amefanyiwa nini, ili kazi ya kanisa ionekane. Asiye na ripoti asingewekewa mikono mbele ya waumini Jumapili ijayo. Mwalimu wa hesabu alisoma kurasa nne zenye vichwa vya habari, na mpaka anamaliza darasa zima lilijua jirani yake amegombana na nani, kwa nini, na alijibiwa nini. Mama Wodi alikuna paji la uso.

Kisha ikaja zamu ya kinyozi. Watu wakajiweka sawa vitini. Siku hiyo hakuwa na peremende, walitarajia mafuriko.

"Nimemtembelea mtu," kinyozi alisema.

"Nani?" mchungaji aliuliza, kalamu tayari.

"Mtu."

Kicheko kidogo.

"Ana shida gani?"

"Anayo."

Kicheko kikubwa. Mchungaji naye alitabasamu. "Haya, ndugu yetu. Umemfanyia nini?"

Kinyozi akafikiri. Akitaja sindano, mshonaji yuko mmoja tu. Akitaja macho, wataanza kuhesabu. Mlango, mtaa, asubuhi, kila neno lilikuwa na kamba iliyofungwa kwake. Nyuma yake, kwenye kiti cha tatu, mshonaji alikuwa amekaa bila kupumua.

"Nimekaa," alisema kinyozi.

"Huyu hajaenda popote!" mtu akapaza sauti, na darasa likapasuka. "Kinyozi, hata uongo umekuishia?" "Mrudishieni peremende, labda ndiyo ilikuwa inaongea!"

Mchungaji alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, kwamba si vibaya, mafunzo yatarudiwa mwakani, atapata nafasi nyingine. Kinyozi akaketi. Alimkumbuka mama mkwe wake, ambaye ameshaalikwa Jumapili, ameshafua nguo, na ameshawaambia majirani zake wote kwamba mkwe wake anakuwa mtu wa maana. Akaufunga mdomo kwa mkono, kwa kuogopa kwamba utafunguka wenyewe.

Jambo moja watu hawakuliona kwa sababu walikuwa wanacheka: mshonaji hakutoa utani hata mmoja.

Jumanne yake, saa nne asubuhi, kinyozi alikuwa ameshamaliza upande wa kulia wa kichwa cha mteja mmoja, fundi bomba, wakati mshonaji aliposimama mlangoni. Amevaa gauni la Jumapili, mkoba mkononi.

"Shemeji, funga twende."

"Nina mtu kitini."

"Nusu yake inatosha."

"Nusu?" fundi bomba alisema, akijitazama kiooni. "Dada, nusu kivipi? Nina kazi nyumba ya watu!"

"Vaa kofia, kaka. Watatazama bomba."

Barabarani mshonaji alitembea haraka, bega lake likimgusa kinyozi ili ajue ukingo wa njia uko wapi. "Usiniulize," alisema. Kinyozi hakuuliza. Wakapita duka la vyuma, wakapita shule, ndipo akaeleza mwenyewe. "Jumamosi nilikuwa nasikiliza. Nikasema sasa hivi anasema. Sasa hivi. Wewe, shemeji! Wewe ambaye siku ile uliuambia mtaa mzima mkeo anaota udevu mmoja! Ukakaa pale wanakucheka kama punda aliyeingia sebuleni, na mama mkwe wako anakuja. Nikajiambia, ikiwa huyu ameweza lile mbele ya watu, mimi nashindwaje kukaa mbele ya daktari mmoja?"

Kliniki ya macho ilikuwa na korido ndefu, mabenchi pande zote mbili, sakafu inayonuka dawa ya kusafishia. Nesi aliwaita kwa namba, akamwekea mshonaji matone machoni, akamwambia akae amefumba nusu saa mpaka dawa ifanye kazi, ndipo daktari atazame ndani. "Ukifumbua utaona ukungu tu. Usiogope."

Mshonaji alifumba. Mikono yake ikaushika ukingo wa benchi. Kinyozi alikaa kando yake akiwa mwanafunzi kamili wa Mama Wodi: hakushauri, hakusimulia, hakukimbilia sala. Alijivunia kidogo.

"Upo?" mshonaji aliuliza.

"Nipo."

Viatu vikapita. Mlango ukafungwa mahali. Viatu vingine.

"Shemeji, upo?"

"Nipo hapa."

"Basi sema kitu."

"Mama Wodi alituambia..."

"Mama Wodi hayupo! Mimi hapa ni giza na viatu. Viatu tupu. Nimeshakuwa mama yangu, unaelewa? Sema, shemeji. Nakuomba."

Kinyozi akakohoa. Wiki mbili za kunyamaza zilikuwa zimemfanya mgeni kwenye mdomo wake mwenyewe. "Niseme nini?"

"Lolote. Hata uongo."

Akatazama huku na huku. "Aliyepita sasa hivi ni nesi," akaanza. "Viatu vyeupe, vinalia kama panya. Pindo la gauni lake limeshuka upande mmoja, limeshonwa na mtu aliyekuwa na hasira."

"Upande gani?"

"Nyuma, kushoto."

"Amelikalia likiwa halijakauka. Endelea."

"Mbele yetu kuna mzee ameshika meno yake kwenye leso. Sijui kwa nini, hapa ni macho. Labda amekosa mlango. Ukutani kuna picha ya jicho kubwa kama sinia, na mtu amelichorea masharubu chini yake." Mshonaji akacheka kupitia puani, na vidole vyake kwenye benchi vikalegea. Basi kinyozi akafunguka. Alimwambia nani anakuja kabla viatu havijafika. Alimtajia rangi, vitambaa, vifungo vilivyokosekana. Korido ilipoisha, akahamia mtaani, kwa habari zote zilizolala siku kumi na tano zikimngoja. Alitia chumvi pasipo na haja. Alipofika kwa fundi bomba anavyozunguka nyumba ya watu na kofia ya sufu kwenye jua lile, wagonjwa wengine, nao wamefumba macho, walikuwa wameshajisogeza mpaka benchi lao likajaa na la pili likaanza kuelemea upande mmoja. Mzee akarudisha meno mdomoni apate kucheka vizuri.

Nesi akaita namba. "Huyu ni mume wako?"

"Mungu apishe mbali," mshonaji alisema akinyoosha mkono ashikwe. "Nimekuja naye kutoka kanisani. Anatembelea wagonjwa."

Daktari alimkalisha muda mrefu. Alipotoka, macho mekundu na mwanga ukimchoma, alimshika kinyozi kiwiko, wakatoka mpaka getini ndipo akasema.

"La kushoto limeshakwenda sehemu kubwa, halirudi. La kulia limewahiwa. Matone asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku, na kila mwezi nirudi anitazame. Nimemwuliza, nitashona? Akaniambia nitashona, ila nisingoje tena mpaka nianze kupapasa." "Akauliza nani ananitungia uzi. Nikamwambia ninaye."

Kinyozi akakubali kwa kichwa, akakumbuka, akasema, "Ndiyo."

Walirudi polepole kwa sababu ya mwanga, amemshika mkono, na mtaa ulipata cha kutazama. Mlangoni pa kibanda alisimama mke wa kinyozi, mikono kiunoni. Aliwaona kuanzia kwenye duka la vyuma. Akaangalia gauni la Jumapili. Akaangalia mkono ndani ya mkono.

"Kumbe suruali yenyewe ndiyo hii," alisema.

"Rafiki yangu, usimpige," mshonaji alisema. "Kaa hapo kwenye benchi. Nina neno la kukwambia, na nilipaswa kukwambia wewe kabla ya mtu yeyote. Ni macho yangu."

Mikono ya mke wa kinyozi ikashuka. Akakaa. Mshonaji akakaa kando yake, akaanza kueleza, tangu taa, tangu uzi, tangu upepo wa mlangoni. Mke wa kinyozi akaanza kulia kabla hata hajafika kwenye daktari.

Kinyozi akafungua mdomo. Akawatazama vile walivyoshikana mikono, akaufunga. Akachukua ufagio pembeni, akaanza kuzifagia nywele za fundi bomba, taratibu, akiinua ufagio badala ya kuukokota, ili asiwasumbue.